Sauti ya Dada wa Maji

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupokea simu katika ofisi ya maji, na waliomjua kwa sauti walikuwa wengi kuliko waliomjua kwa sura. Akiuliza kitu dukani, mtu wa mbele yake aligeuka: "Wewe si Dada wa Maji?" Jina likamganda. Hata mkuu wake alimwita hivyo.

Mwaka jana mkuu huyo alimwambia kwamba ofisi inaleta akili bandia ya kujibu wateja, na sauti iliyochaguliwa ni yake. "Heshima kubwa hiyo, Dada wa Maji." Basi kwa wiki mbili akajifungia stoo, katikati ya mita mbovu, akisomea kinasa sauti sentensi ambazo nyingine hazikuwa na kichwa wala miguu.

Mashine ilipoanza kazi, wenzake watatu walipelekwa kusoma mita mitaani. Yeye alibakizwa apokee simu zilizoishinda. Wateja wapole walimalizana na mashine. Wenye hasira wakaletwa kwake.

"Nusu saa nzima nakueleza hunielewi, sasa unajifanya mtu mwingine?" mmoja alimfokea.

Akaomba radhi. Angefanyaje? Kosa halikuwa lake, lakini sauti ilikuwa yake.

Jioni alifika nyumbani hoi bin taabani. Mama yake, aliyeshinda peke yake kutwa, alimngoja na habari zake: goti, jirani aliyepaka ukuta rangi ya kijani inayoumiza macho. Yeye aliitikia "mm", akavua viatu, akapitiwa na usingizi kwenye kochi mdomo wazi.

Mwezi wa nne mkuu alimwekea karatasi mezani. Namba moja ilikuwa imepiga mara arobaini na moja bila lalamiko lolote.

"Kuna mtu anatuchezea. Ifuatilie kabla sijaifunga."

Aliitazama ile namba. Ilikuwa ya mama yake.

Akavaa visikilizio, akafungua simu moja iliyorekodiwa.

"Mwanangu, umeshakula?" Alikuwa mama yake.

"Samahani, sijakuelewa vizuri. Je, una tatizo la maji?"

"Maji yapo. Goti ndilo linanisumbua tangu asubuhi."

"Pole sana kwa usumbufu. Tafadhali nieleze zaidi."

Na mama yake akaeleza, dakika kumi na moja.

Jioni hiyo alimkuta mama anakunja nguo. Akasimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Mama, yule wa kwenye simu si mimi."

"Kwani unadhani nimechanganyikiwa? Najua ni mashine."

"Sasa unaongea nayo ya nini?"

"Inaniambia nieleze. Wewe mara ya mwisho uliniuliza habari zangu lini?"

Akakaa juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. "Nimechoka, mama."

"Najua umechoka. Na mimi kunyamaza kunanichosha. Hebu inuka, unanivurugia shuka."

Kesho yake alimweleza mkuu namba ni ya nani, akaomba robo saa kila mchana ya kupiga simu nyumbani. Mkuu aliguna, akampa dakika kumi, na namba akaifunga vilevile.

Tangu hapo, kila mchana husimama nyuma ya ngazi na simu sikioni. Asidanganywe mtu kwamba amechangamka. Siku nyingine husinzia wima, na mama humgombeza. Lakini husikiliza. Ndivyo alivyokuja kujua kwamba goti lile limevimba na mama hawezi tena kupanda ngazi za hospitali peke yake.

Alhamisi akaomba ruhusa, wakaenda wote. Foleni ilikuwa ndefu. Walikaa kwenye benchi saa tatu nzima, binti amelaza kichwa begani kwa mama yake, na mama akimtikisa kila waliposogea nafasi moja.