Kovu la Shavu la Kushoto

Picha mbili zilizolala mezani asubuhi ya mazishi zilitoka kwenye negativu moja, na kwa hiyo zilipaswa kufanana. Katika zote mbili baba ameketi kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba yetu ya Kalamba, koti limefungwa hadi shingoni, na kovu aliloachiwa na pembe ya ng'ombe linaonekana wazi shavuni. Lakini katika picha yetu, iliyokaa ukutani kwa miaka, kovu lilikuwa shavu la kulia. Katika ile aliyokuja nayo shangazi, dada yake baba, lilikuwa la kushoto.

"Sasa huyu wenu ni nani?" shangazi aliuliza. "Ama ndugu yangu alikuwa pacha na sikuambiwa?"

Wanawake wa kanisa waliokuwa wakimenya viazi walicheka, kisha wakakumbuka walikuja kufanya nini, wakainamia visu vyao. Picha moja ilihitajika kusimamishwa juu ya jeneza, na mwili ulikuwa njiani kutoka mochari.

"Wewe ndiye ulipiga," mama aliniambia. "Chagua."

Nilichagua yetu. Nilieleza, kwa utaratibu ule niliojifunza chuo kikuu, kwamba yetu ilisafishwa kwanza, mjini Kitui, filamu ikiwa mpya. Ya shangazi ilitolewa baadaye katika mji wa Wote, na bila shaka fundi wa huko aliiweka negativu kwenye mashine ya kutolea picha ikiwa imegeuka.

"Profesa," shangazi alisema, "siku ng'ombe huyo alimpiga, damu nilipanguza mimi. Kwa leso yangu."

"Shangazi, mtu husahau."

"Wewe husahau. Mimi nilikuwa nafua hiyo leso."

Sikuyumba. Nilikuwa na sababu ambayo sikuwaeleza: hakuna aliyemtazama baba kwa muda mrefu kama mimi. Kwetu mtoto hamkodolei macho babake. Ukisemeshwa, unainamisha kichwa. Nilipokuwa nikifundisha shule ya huko Tulia, kabla ya kurudi chuoni kwa shahada ya pili, nilinunua kamera kuukuu katika soko la Zombe, kwa mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka kaskazini mashariki. Ilikuwa ya macho mawili, moja juu ya jingine, na mpigaji aliishika kifuani akatazama chini, kwenye kioo kilichokuwa juu ya sanduku. Baba, aliyekataa kamera zote zilizoelekezwa usoni pake kama bunduki, aliikubali hiyo. Naamini aliikubali kwa sababu iliniinamisha.

Hivyo nilimtazama nilivyotaka, likizo baada ya likizo. Filamu nyeusi na nyeupe iliyohitaji mwanga mwingi niliiweka kwa jua la adhuhuri, nayo ilimtoa na kila mkunjo wa paji la uso. Ile inayoona upesi niliihifadhi kwa mawingu ya Julai, ikamtoa akiwa na chembechembe, kama aliyenyunyiziwa unga wa mtama. Ya rangi niliijaribu mara moja nikaiacha, maana iligeuza udongo wetu kuwa kama nyama mbichi. Nilipenda hata kulamba karatasi yenye gundi ya kufungia filamu iliyokwisha. Picha nyingi zilibaki negativu tu, na negativu hutazamwa upande wowote. Na kila mara, kwenye kioo kile, kovu lilikuwa pale pale lilipokuwa katika picha yetu.

Gari lilifika. Jeneza liliwekwa uani, likiwa na kidirisha cha kioo juu ya uso. Zamu yangu ilipofika niliinamisha kichwa, kama nilivyozoea.

Kovu lilikuwa shavu la kushoto.

Nilisimama pale mpaka mtu wa nyuma yangu akanigusa bega. Wazo la kwanza, naona aibu kuliandika, lilikuwa kwamba mochari walitukabidhi mtu mwingine. La pili lilikuja polepole: kioo cha kamera ile hugeuza kulia kuwa kushoto, na fundi aliyegeuza negativu alikuwa yule wa Kitui. Nililijua hilo. Nililizingatia kila nilipotaka kumweka baba katikati ya picha, nikisogea upande usio wangu. Sijui ni kwa njia gani nililijua kwa miguu bila kulijua kwa kichwa.

Picha ya shangazi ndiyo iliyokwenda juu ya jeneza.

Jioni watu walipopungua nilimfuata mama jikoni, picha yetu mkononi. "Mwaitu, ulijua yetu imegeuka?"

"Siku ile uliileta."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha sana." Alisukuma kuni ndani. "Na baba yako aliipenda. Alisema hii sasa ndiyo yeye kabisa, vile anajiona akinyoa."

Kioo chake cha kunyolea kilikuwa bado kando ya mlango. Nilijaribu kuamua nani kati yetu alimwona baba, na kila nilipopata jibu, lilizua swali jingine. Mama aliichukua picha yetu mkononi mwangu, akaipangusa, akaenda kuirudisha kwenye msumari wake.

Shangazi alikuwa anaondoka na yake. Nilimkimbilia hadi langoni nikamwomba niitazame tena, kwa sababu yule mtu wa pichani bado alionekana kwangu kama jamaa wa mbali, mwenye sura ya kwetu.

"Tazama tu, Profesa," alisema, akiishika yeye mwenyewe. "Lakini usinigeuzie."