Fundi Saa na Kizazi Alichokilinda

Alirithi kwa baba yake vitu viwili: kibanda cha kutengeneza saa chini ya ngazi za ghorofa, na subira. Wateja walimwita Fundi. Alifanya kazi amebana kioo kwenye jicho, koleo ndogo mkononi, na kwa miaka miwili hakumwinukia mgeni yeyote. Watu wakasema ana maringo.

Siku moja mama mkwe wake, mwalimu mstaafu, alisimama mlangoni akangoja. Fundi alimsalimu kwa adabu zote, ila alibaki kitini.

"Saa zote hizi ukutani," mama mkwe akasema, "na wewe huna dakika moja ya kunisimamia?"

"Nisamehe, mama. Miguu."

"Leo miguu. Kesho utaniambia kope zimekuwa nzito."

Haikuwa miguu. Alikuwa amekalia kitambaa cheusi kilichokunjwa mara nne, nacho kimelowa. Hedhi yake ilichukua siku kumi na mbili, tumbo limejaa kama la miezi mitano, na daktari wa kwanza alishasema ni uvimbe wa kizazi, dawa yake ni moja: kizazi kitolewe. Alikuwa na miaka thelathini na sita, hana mtoto. Ndiyo maana alinyamaza. Siku hizo dunia ilimjia kwa mbali, kama sauti ipitayo majini. Alisikia saa zikigonga asijue ni za ukutani au za masikioni mwake.

Akajikaza kuinuka, akaanguka.

Mama mkwe aliona kitambaa. Alishusha kwanza pazia la kibanda, mpita njia asije akachungulia, kisha akavua mtandio wake akamfunga mkwewe kiunoni.

Daktari wa pili alikuwa na njia nyingine. "Uvimbe unaishi kwa damu," aliwaambia. "Tunapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye mishipa inayoulisha, tunaiziba kwa chembe ndogo ndogo. Hatupasui tumbo. Kizazi kinabaki."

"Na mtoto?" Fundi akauliza.

"Hilo siwezi kukuahidi."

Fundi akatazama mikono yake. "Basi pita mkono wa kushoto. Wa kulia una kazi."

Hakulala usingizi kamili. Dawa ilimpeleka mahali laini, katikati ya kulala na kukesha. Kwenye kioo cha mashine aliiona mishipa yake ikichanua, myeusi, myembamba kama nyufa za udongo mkavu. Tawi moja likafifia. Jingine likafuata. Alihisi anaelea juu ya mji usio na watu, taa zikizimwa nyumba baada ya nyumba, bila haraka, wala hakuogopa giza lile. Maumivu yalikuja baadaye, makali, akaung'ata mto siku mbili.

Miezi mitatu ikapita. Picha ikaonyesha uvimbe umepungua karibu nusu. Hedhi, siku tano. Kizazi, palepale.

"Miaka tisa nakuuliza habari za mjukuu," mama mkwe alisema walipotoka hospitalini. "Sikuwahi kukuuliza unaumwa wapi."

"Na mimi nisingekuambia, mama."

"Najua. Kunyamaza nilikufundisha mwenyewe."

Langoni wakakutana na jirani, ameshika tumbo, macho yakiwapima. "Jamani, nani mgonjwa?"

Fundi akainamisha uso. Mama mkwe hakushusha sauti. "Mkwe wangu alikuwa na uvimbe wa kizazi. Ametibiwa bila kupasuliwa. Na wewe, hilo tumbo limekuanza lini?"