Kazi Yangu Ilikuwa Kufunga Mtungi

Juzi jirani yangu hapa mtaani Hail karudi na karavani, ile nyumba ndogo ya bati inayokokotwa nyuma ya gari, akaiegesha mbele ya geti langu. Watoto wake wakaivamia kwa vifijo. Mimi nilikuwa naanua nguo. Nikaona kile kijimlango cha mbele, panapokaa mtungi wa gesi, kiko wazi. Nikaziacha nguo kambani nikaingia ndani. Kaa nikusimulie kwa nini.

Na sisi tulikuwa nayo, nilipokuwa na miaka tisa. Baba aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos aliyekuwa akirejea kwao. Bibi akaiita kijumba, nasi tukafuata. Kila likizo ya baridi tulikikokota hadi Qurayyat, mji wa pwani: baba, mdogo wake ambaye mimi nilimwita ami, bibi aliyewazaa wote wawili, na mimi. Mama alikataa katakata. Alisema nyumba ni kitu cha kukaa, si cha kukimbizana nacho barabarani.

Kijumba kile kilikuwa na visa kuliko bibi harusi. Tangi la maji likivuja, magurudumu yakipata pancha, na kwenye kona za mlimani makabati yalifunguka masufuria yakaruka. Na baba alikuwa na mkono mwepesi. Pancha ikitokea alipiga teke gurudumu, kisha bati, kisha aliye karibu. Safari moja alikivunja kioo cha gari kwa ngumi, eti hakimwonyeshi anachotaka kuona. Lakini nikikwambia sikuzipenda safari zile nitakuwa muongo. Bibi alipika pweza wa nazi kwenye jiko lisilotosha sufuria mbili, sote tukala tumebanana magoti, na chai yake ya hiliki sijaipata tena popote.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Ami alimwongoza baba gari likirudi nyuma. Bibi, tukishafika tu, alifukiza udi, maana kwetu nyumba hailaliwi mpaka ifukizwe, na kwake yeye nyumba ni nyumba hata ikiwa na magurudumu. Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga mtungi wa gesi kabla ya kuondoka, kwa sababu mkono wangu mdogo ulipenya vizuri kwenye kile kijimlango.

Asubuhi ya safari ya mwisho ami alisimama nyuma akisema, "Njoo, njoo, njoo," baba akaja, na ubavu wa kijumba ukabonyea kwenye nguzo ya geti. Baba akashuka akamtandika kofi, mtu mzima mwenye ndevu zake, mbele ya majirani. Ami akamkaba kanzu shingoni. Bibi akapiga kelele: "Haya, ndugu wamegombana, majirani chukueni majembe mkalime! Khalas! Yallah, ndani ya gari!"

Mimi wakati huo nilikuwa nimepiga magoti, mkono umeshafika kwenye koki ya mtungi. Nikaogopa kofi linalofuata ni langu. Nikautoa mkono, nikakimbilia garini.

Tukashika njia ya Qurayyat. Barabara ya mawe ya kushukia pwani ilikitikisa kijumba vibaya, mpira unaopeleka gesi ukachomoka kwenye jiko, na tangi la choo likapasuka. Baba alipofungua mlango, harufu ya choo ikatupiga usoni. Nani angenusa gesi? Bibi akacheka. "Leo nnatia udi wote, wallahi!" Ami akamwashia makaa pale mchangani. Bibi akasema bismillahi, akakinyanyua chetezo chenye makaa, akapanda ngazi.

Mlango ulitoka pamoja na bibi. Dirisha lilipita juu ya vichwa vyetu. Bibi akaangukia mchangani, buibui linawaka, na ami akamlalia kwa mwili wake kuuzima moto. Ngozi ya mikono ya bibi ilikuwa imebabuka.

Baba akaenda mbele ya kijumba, akaikuta koki iko wazi. Akarudi na spana ya magurudumu mkononi.

"Nani hakufunga mtungi?"

Ami akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Mimi," ami akasema. "Nilimwambia mtoto aache, nitafunga mwenyewe."

Pigo la kwanza lilimvunja mkono, niliusikia ukivunjika. La pili lilimpata mdomoni. Asubuhi kwa kofi moja tu ami alikuwa tayari kupigana, lakini mchana ule alisimama akapigwa mpaka akaanguka, huku bibi analia, "Utaniulia mwanangu!" Watu wa pale ndio waliomnyang'anya baba ile spana.

Ami hakurudi nyumbani. Mkono ulipounga alikwenda Unguja, na baba akapiga marufuku jina lake kutajwa. Vidole vya bibi viligandana, hakushika tena chetezo; udi nikimfukizia mimi. Alikufa akisubiri wanawe wapatane, ili naye, kama methali inavyosema, achukue kapu akavune.

Kijumba kilichukuliwa na watu wa chuma chakavu. Nguzo ya geti ilipigwa plasta, huwezi kujua iligongwa wapi. Ninachokikosa zaidi ni sauti ya ami nyuma ya gari, "Njoo, njoo," kwa furaha, kana kwamba baba anatoka safari ya mbali na yeye ndiye wa kumpokea.

Mwezi uliopita ilikuja simu kutoka Unguja kwamba ami amefariki. Nilikwenda kumwambia baba. Ni mzee sasa, kikombe cha kahawa anakishika kwa mikono miwili. Miaka yote nilijiapia kuwa siku moja nitasema ukweli. Baba akakiweka kikombe, akanyanyua viganja.

"Mungu amsamehe kwa alilomfanyia mama yetu."

Nikaitikia, "Amin."