Ujumbe wa Mistari Arobaini

Ofisini tulimwita Profesa, ingawa chuo alikiacha njiani. Alikuwa ametunga lugha yake ya kuandikia programu, na fahari yake ilikuwa kompaila, yaani ile sehemu inayokagua ulichoandika kabla kompyuta haijakitekeleza. Ilitenganisha aina za vitu kwa undani wa ajabu. Uzito na urefu havikuchanganyika humo hata kidogo. Ila ukikosea, ilikumwagia maneno yaliyotuacha hata sisi wenzake tukikuna vichwa.

"Hizo aina zako ndizo zinazoifanya ishindwe kusema kosa limeanzia wapi," nilimwambia. "Punguza. Watu wanakimbia."

"Anayetaka kujua atajikaza."

Dada yake mdogo alikuwa mshonaji. Figo zilipomlaza kitandani, aliamua kujifunza lugha ya kaka yake, atengeneze programu ya kutunza vipimo vya wateja. Siku moja akapiga simu ofisini, Profesa akaweka spika.

"Kaka, imeniletea mistari arobaini! Nimekosa nini?"

"Isome polepole, mdogo wangu. Jibu limo humo humo."

"Basi kichwa changu ndicho kibovu," akasema, akacheka. Nasi tukacheka. Hakuuliza tena.

Alifariki miezi minne baadaye. Katika kupanga vitu vyake, Profesa akakuta daftari. Dada mtu alikuwa ameunakili ujumbe wote kwa mkono, akapigia mstari maneno aliyoyaelewa. Yalikuwa matatu. Chini aliandika: "Nisimsumbue, ana kazi nyingi."

Kosa lenyewe Profesa aliliona papo hapo. Mahali pa "kiuno" palikuwa na "kiono".

Aliporudi kazini alianza kuzing'oa aina alizozihangaikia miaka sita. Nilimsihi abakize angalau ile ya vipimo, maana kuna kiwanda kilichoitegemea kweli. Hakunisikia. Kiwanda kikahamia lugha nyingine, na sikuwalaumu.

Lakini wanaojifunza waliongezeka. Fundi bomba mmoja, mtu mzima, aliandika kushukuru kwamba kwa mara ya kwanza kompyuta ilimwonyesha kosa bila kumfanya ajione mjinga. Nilimsomea Profesa barua ile, nikidhani itamfariji.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavaa koti, akaniomba nifunge ofisi, akaondoka. Ilikuwa bado saa tisa mchana.