Sufuria Kumi na Moja za Mama Verediana

"Mutu wa biki na karatasi hawezi kazi ya moto. Siku tatu tu, atakimbia." Ndivyo Muzee Paluku, mkuu wa karakana ya sufuria pale Ndosho, mtaa wa mji wa Goma, alivyowaambia mafundi wake asubuhi niliyofika na diplome ya umekanika ndani ya bahasha na viatu vya ngozi miguuni. Majirani nao walicheka. Mtoto wa mjane, aliyejisomesha Kampala kwa kubeba mizigo sokoni, anarudi nyumbani wakati wa vita kuja kutengeneza sufuria? Nilikaa pale miaka ishirini na sita. Na diplome ninayo hadi leo. Katika karakana zote za Ndosho wakati ule sikuiona ya pili.

Niliingia pale kwa sababu ya mama yangu, Verediana. Tangu ujana wake alijitolea parokiani: alifua vitambaa vya altare, aliosha wagonjwa, aliwapikia wafiwa, na rozari haikumtoka mkononi. Wakimbizi walipojaa upande wa Kibumba, nje ya mji, aliona wamama wana unga wa msaada lakini hawana cha kupikia. Akapita nyumba kwa nyumba kuazima sufuria kumi na moja kubwa, zile ambazo kwetu mwanamke huzitoa kwa arusi na matanga tu. Akapika uji kule kwa miezi mingi. Kisha mapigano yakafika, watu wakatawanyika, naye akarudi Goma na mwiko mmoja.

Tangu siku hiyo aliacha benchi lake la mbele kanisani. Akawa anakaa la mwisho, karibu na mlango. Padri alimwambia, "Mama Verediana, vita ndiyo ilichukua zile sufuria."

Akajibu, "Vita haikuazima, padri. Mimi ndiye niliazima."

Hayo ndiyo niliyoyakuta niliporudi. Sufuria za ukubwa ule hatukuwa na uwezo wa kuzinunua, basi nikaamua kuzitengeneza.

Vijana wengi hudhani sufuria zetu zilifuliwa kwa nyundo. Hapana, zilimiminwa. Tulikusanya alminiamu chakavu: pistoni, vifuniko vya injini, sahani zilizotoboka. Tulichukua sufuria ya mfano, tukaishindilia ndani ya udongo mlaini uliopepetwa, tukaitoa taratibu ili udongo ubaki na umbo lake. Hiyo ndiyo kalibu. Moto wa makaa ulipulizwa na mvukuto wa kuzungushwa kwa rimu ya baiskeli, mpaka alminiamu ikawa maji. Hapo unamimina mara moja. Mkono ukisita, sufuria inatoka na mshono, na siku moja itapasuka na chakula ndani.

Siku ya kwanza nilipiga hesabu zangu kwenye karatasi, nikaona udongo unahitaji maji zaidi. Nikaongeza. Alminiamu ilipogusa ule unyevu iliruka kama mafuta ya moto yaliyotiwa maji, ikatoboa kiatu changu cha kulia.

"Diplome yako haikukuambia maji na alminiamu ni maadui?" aliuliza Muzee Paluku.

"Iliniambia, Muzee. Ni mimi sikuisikiliza."

Mafundi walicheka hadi mvukuto ukasimama. "Kesho uje na bote za mupira," akasema. "Hivyo viatu, zika."

Kabla ya mwaka kuisha nilikuwa namimina vizuri kuliko walionicheka. Nikampelekea mama sufuria ya kwanza, inang'aa, jina langu limechorwa ubavuni. Akaigeuza, akatazama chini.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mama Masika," nikajibu, nikimtaja mmoja wa waliomwazima.

"Ya Masika ilikuwa na musalaba huku chini, mukono moja mufupi. Tena ilijaa ndoo mbili na kikombe. Hii ni ya nani?"

"Mama, hii ni nzuri kuliko ile."

"Sikuazima nzuri, mutoto wangu. Niliazima yake."

Niliirudisha motoni. Kesho yake mama alikuja karakanani na ndoo na kikombe, akaketi juu ya jiwe jeusi la mlima wa volkano, akatutajia zote kumi na moja: kimo, mdomo, masikio, na alama ambayo kila mwenye sufuria alikuwa ameichora kwa msumari ili isipotee penye karamu. Hakukosea hata moja. Muzee Paluku alivua kofia. "Diplome," akasema, "wangempa huyu mama." Nimebishana na wakubwa wengi maishani. Hilo sikulibishia.

Muzee alipochoka, mimi nikawa mkuu wa karakana. Vita vilikwenda na kurudi, mlima ulitumwagia moto, nasi tulijenga upya kila mara. Nimewafundisha mafundi wanaolisha familia zao mpaka leo, na ninapumzika nikimshukuru Mungu. Mama aliishi mpaka akawaona vitukuu, na chakula cha matanga yake kilipikwa kwa sufuria zilezile. Lakini nakataa kumalizia na matanga. Namalizia na Dominika tuliyozirudisha.

Zote kumi na moja zilipokamilika, tulizipanga mbele ya kanisa baada ya misa ya kwanza. Wamama wakazigeuza, kila mmoja akakuta alama yake. Mama Masika, mwenye ulimi mkali kuliko wote, akagonga yake na kidole.

"Verediana, yangu ilikuwa na tundu. Tundu langu liko wapi?"

"Hilo nitakulipa mbinguni, dada."

Wakacheka, wakakumbatiana. Kengele ya misa ya pili ilipolia, mama aliingia tena kanisani, akapita benchi la mwisho bila kulitazama, akaenda kuketi mbele.

Mchana wa siku ileile watu wakaanza kuteremka tena kutoka Kibumba, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Mama, angali na kitenge cha misa, akabisha kwa Masika.

"Dada, niazime sufuria."

"Lakini hata sijaiingiza nyumbani!"

"Ndiyo maana nimekuja mapema."

Masika alimtazama, akamtazama tena, kisha akainama, akashika sikio moja la sufuria. Mama akashika la pili. Kabla jua halijazama, zote kumi na moja zilikuwa na uji.