Niliweka bomba la kisima kwenye exhaust ya gari yangu, mbuzi akafa na mama akanyamaza

Wakuu, ejok, ndivyo tunavyosalimiana huku Turkana.

Hii ni wiki ya tatu na bado nikiliwasha gari nageuka kwanza kutazama kiti cha nyuma. Sitaongeza chumvi, iliyopo inatosha. Anayetaka kunicheka anicheke tu, ila asome mpaka mwisho.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa visima hapa Lodwar. Kisima kikigoma kutoa maji, iwe Loima au juu kule Lowarengak, mimi ndiye naitwa nikapandishe mabomba. Nimeshika bomba la GI, lile jeupe lenye ngozi ya zinki, miaka mingi kuliko nilivyomshika mke wangu mkono. Nimechomoa mabomba yaliyokaa kwenye maji ya chumvi hadi nikasahau nani aliyaweka, na bado ni mazima.

Kumbukeni hiyo sifa, maana ndiyo ilitaka kuniulia mama.

Gari yangu ni station wagon ya zamani. Mke wangu huuza samaki, kwa hiyo kila wiki tunabeba mzigo kutoka Kalokol, na ile maji ya samaki inachuruzika mpaka chini ya gari. Exhaust, lile bomba la moshi, ikaoza. Gari ikawa inaunguruma kama trekta, mtaa mzima unajua nimefika.

Nikaenda kwa Esekon, kijana anayechomelea vyuma karibu na soko. Akalala chini ya gari, akatoka na vumbi la kutu kwenye nywele.

Akaniambia kuna njia mbili. Chuma cheusi cha kawaida, kinapatikana haraka ila kwa maji ya samaki hakitadumu. Au stainless, hiyo itakaa, lakini itabidi aagize Kitale tusubiri.

Mimi nikacheka. Nikafungua nyuma ya gari, nikatoa vipande vya GI vilivyobaki kwenye kazi moja ya kisima.

"Hii haijui kutu," nikamwambia.

Esekon akaviangalia, akavirudisha mkononi mwangu.

"Mzee, hii ni bomba ya maji. Nikichoma hii, moshi yake inanipea homa. Jioni nitakuwa natafuta maziwa ya kuituliza. Na hii rangi yake ya fedha itakulwa na moto."

Wakuu, kijana alinipa ushauri wa bure, na sababu akanipa. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nikasikia tu mtu anayenifundisha bomba.

Nikamwambia basi hiyo GI asiichomelee. Achomelee mwanzo tu, pale kwenye injini, kwa kipande chake cheusi. Huko kwingine nitafunga mwenyewe.

Na nikafunga wakuu. Kwa ufundi wa kisima. Nikakata nyuzi za skrubu kwenye ncha za bomba, nikaweka soketi za kuunganisha, nikazungushia katani na kupaka rangi, nikakaza kwa spana mbili hadi jasho likanitoka. Kwa ambao hamjui, katani ni zile nyuzi za mkonge tunazoviringisha kwenye maungio ili maji yasivuje. Kwenye kisima hiyo kitu haitoi hata tone.

Soketi moja ilikaa sawasawa chini ya kiti cha nyuma.

Gari likanyamaza kabisa. Nikazunguka mji mzima siku hiyo nikimsimulia kila mtu. Esekon nilimpigia honi nikipita.

Sasa dada yangu anaishi Kakuma, na wiki hiyo alijifungua mtoto wa kike. Mama yangu yuko Lorugum. Akanitumia neno nimfuate nimpeleke akamwone mjukuu.

Barabara ya Lorugum mnaijua, mawe na laga, ile mito mikavu ya mchanga. Bomba la GI ni zito, na mimi nililining'iniza kwa raba zile zile za zamani. Nilisikia kitu kinagonga chini mara mbili. Nikasema ni jiwe.

Mama alikuwa tayari, amevaa shanga zake zote, na amemshika mbuzi. Mbuzi wa mzazi, ili dada apate supu na mafuta arudishe nguvu. Nikamwambia mama akae mbele. Akakataa kabisa. Akasema mbuzi haijui gari, ikikaa peke yake itaogopa. Akakaa kiti cha nyuma, mbuzi amelala miguuni pake, mguu umefungwa kamba.

Tukapita Lodwar, tukashika njia ya Kakuma. Ilikuwa kama saa sita mchana, upepo unarusha mchanga. Mama akaomba madirisha yafungwe. Nikafunga yote, isipokuwa langu, nikaliacha wazi kidogo kwa sababu huwa naweka kiwiko nje.

Wakuu, huyo mbuzi alipiga kelele. Na mama naye anamjibu. Anamwambia mbuzi habari za mjukuu, anamwambia wewe unaenda kwa wageni, tulia. Mimi kichwa kinaniuma. Nikasema ni jua, maana huku kwetu kila kitu ni jua. Ukiumwa kichwa ni jua, ukitapika ni jua.

Halafu mbuzi akanyamaza.

Baada ya muda mama naye akanyamaza.

Nitawaambia ukweli niliowaahidi, na hapa ndipo ninapoona aibu. Nilifurahi. Nilisema moyoni, afadhali, wamelala, sasa naweza kuendesha. Niliendesha hivyo kwa muda mrefu, napiga mluzi.

Karibu na Kakuma kuna kizuizi. Askari akainama dirishani kwangu, akaona kitambulisho changu, akagonga kioo cha nyuma.

"Mama, kitambulisho."

Kimya.

"Mama." Akanitazama. "Huyu mama ako sawa?"

Nikageuka. Mama ameegemea mlango, mdomo wazi, mkono umeshika kamba ya mbuzi. Nikamwita. Nikamshika goti nikamtikisa, kichwa kikaenda upande kama cha mtoto aliyelala.

Sijui nilitokaje kwenye gari. Yule askari ndiye aliyefungua mlango, na mama akamwangukia mikononi. Mbuzi akafuata, akadondoka chini kwa kamba yake, mgumu. Alikuwa amekufa zamani.

Tukamlaza mama mchangani, kwenye upepo. Mimi nilikuwa naita tu jina lake, jina ambalo mtoto hamwiti mama yake. Watu wakaja na maji, wote wanasema ni jua. Mimi pia nilikuwa nasema ni jua.

Akavuta pumzi moja kubwa. Akatapika. Akafungua macho, akatafuta kwa mkono.

"Mbuzi iko wapi?"

Nikalia, wakuu. Mtu mzima, mbele ya askari.

Kituo cha afya walimwekea oksijeni. Daktari akamtazama macho, akaniuliza swali ambalo bado linanigonga kichwani:

"Mlikuwa mmewasha jiko la makaa ndani ya gari?"

Nikamwambia hapana, jiko la nini na joto hili. Akasema basi kuna moshi ulikuwa unaingia, ule usioonekana wala kuwa na harufu. Akaniambia nikaangalie gari kabla sijabeba mtu mwingine.

Nilikaa pale mpaka mama akaomba chai, kisha nikaenda kwenye kambi ya wakimbizi kwa Papa Bahati, Mkongomani mmoja mzee anayetengeneza magari. Akaingia chini na tochi. Akaligonga bomba kwa spana, kipande kwa kipande.

"Papa, nani aliweka hii tuyo ya mayi huku?" akaniuliza, yaani bomba la maji kwa Kiswahili cha kwao.

"Ni mimi."

"Weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akaishika soketi ya chini ya kiti kwa kitambaa, ikazunguka kwa vidole viwili. Spana haikuhitajika. Ndani, ile katani yangu ilikuwa majivu. Juu yake, kwenye sakafu ya gari, kulikuwa na tundu ambalo raba yake ya kuziba ilitoka siku nyingi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye soketi unapanda moja kwa moja, na dirisha langu la kiwiko likiuvuta ndani.

"Kwa mayi iko muzuri sana," Papa Bahati akasema. "Lakini huku kuko moto."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alinifungia bomba la chuma kilichopakwa alumini alilotoa kwenye gari bovu, na kile kipande cha karibu na injini kinachonepa gari likitikisika akaweka cha stainless. Maungio yote akachomelea. Raba mpya, tundu la sakafu likazibwa. Akanionyesha pia kupima chuma kwa sumaku: ikigoma kushika, hiyo ni stainless ya aina ya sufuria nzuri. Ikishika, usitupe haraka, kuna stainless ya exhaust inayoshika sumaku na inavumilia moto vizuri tu. Chuma cheusi nacho si kibaya kama hubebi samaki. GI ibaki kwenye maji.

Jioni nikampeleka mama kwa dada. Nilikuwa nimejiandaa kusema kila kitu. Dada akauliza mbuzi yuko wapi, na kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Jua limemuua."

Hakunitazama. Mpaka leo familia nzima inajua ni jua. Ukimwacha Esekon, nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Somo langu wakuu: kujua chuma mahali pamoja si kukijua kila mahali. Ukiumwa kichwa ndani ya gari, kabla hujalaumu jua, simama, toka nje, lala chini uangalie.

Esekon nilimfuata, nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Akaniuliza tu mama anaendeleaje.

Wenye magari ya samaki na ya barabara mbovu, nyinyi mmeweka chuma gani na kimekaa muda gani? Leteni uzoefu, hata wa kunichoma.

Jumapili nilimrudisha mama Lorugum. Alikaa nyuma, alikataa tena mbele. Mara tatu alinyamaza njiani, mara tatu nikasimamisha gari. Mara ya tatu akaniambia endesha, mimi nafikiria tu jina la mtoto.