Siku ya Kumi na Tano

Nilifundisha historia miaka kumi na miwili katika sekondari moja ya Kisii, na mada niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Urusi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilipohamia Minnesota, Marekani, nikawa mtu wa kuosha na kulisha wazee katika makao fulani ya Champlin. Katikati ya miaka ya 2010 nikajiandikisha katika chuo kidogo cha karibu, nipate shahada ya huku. Somo la kwanza lilikuwa historia ya Ulaya. Nikajiambia, hapa ndipo watakaponijua.

Darasani tulikuwa Waafrika wawili. Mwenzangu alikuwa mama Mkongo, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyefanya kazi ya kupakia mizigo ghalani Shakopee. Alikuwa akija na viatu vyake vya kazi, macho mekundu kwa uchovu. Profesa akatupa mada moja sote wawili, kila mtu aiwasilishe kivyake: urafiki wa Urusi na Ufaransa, na jinsi Urusi ilivyojaribu kulijenga upya jeshi lake baada ya kupigwa na Wajapani. Mada yangu!

"Mwalimu, utanisaidia, hein?" aliniambia. Alijua nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimehakikisha kila mtu anajua.

Wiki ya pili nikamkuta akimsomea profesa barua za majenerali wa Ufaransa, kwa Kifaransa chenyewe. Profesa alikuwa ameinama, anasikiliza kama mwanafunzi. Mimi hakuwahi kunisikiliza hivyo. Nikaona wivu. Siku hiyohiyo nikaenda maktaba nikaazima kitabu pekee walichokuwa nacho kuhusu mageuzi ya jeshi la Urusi.

"Umekiona, Mwalimu?" aliniuliza kesho yake. "Kwenye rafu hakiko."

"Sijakiona, dada."

Kilikuwa ndani ya begi langu, chini, katikati ya viti vyetu.

Siku ya kuwasilisha nilitangulia mimi. Nikamwaga miaka, mikataba, majina ya mawaziri. Wenzetu wakachungulia simu zao. Kisha akasimama yeye, hana karatasi, na Kiingereza chake cha kujikongoja.

"Urusi iliahidi Ufaransa kwamba vita vikianza, itamvamia Mjerumani siku ya kumi na tano," alisema. "Lakini jeshi lilikuwa bado halijawa tayari. Mizinga haitoshi, reli hazijakamilika. Kwetu nimeona askari wakipelekwa hivyo, kwa sababu mkubwa ameahidi rafiki yake. Walipita mbele ya nyumba yetu na ndala miguuni. Kaka yangu alikuwa kati yao. Hakurudi."

Wenzetu wakaweka simu zao chini. Hiyo siku ya kumi na tano nilikuwa nimewakaririsha watoto wa watu kwa ajili ya mtihani, nisiwaze hata mara moja juu ya waliotembea. Na hata pale, Mungu anisamehe, sikumwonea huruma. Nilimwonea wivu kwa msiba wake.

Tulipotoka nilimfuata kwenye maegesho nikamkabidhi kitabu. "Nilikuwa nacho mimi."

"Nilikiona siku ile," alisema. "Begi lako halikufungwa vizuri. Nilikuwa nangoja uniambie."

Akakipokea kwa mikono miwili, akaingia kwenye gari la wenzake wa ghalani.

Alimaliza shahada yake. Mimi niliacha masomo muhula wa tatu. Nasikia sasa anafundisha, na kila mtu akinisifia ufundishaji wake pale kanisani Brooklyn Center, mimi huitikia "Bwana asifiwe" kabla hajamaliza sentensi, nisije nikaulizwa kama namfahamu.